Kujengea Ng'ambo: Historia ya Programu Zinazohamia Prosesa Nyingine, Ikitazamwa Kutoka Ziwa Mweru

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kujadili Kiswahili cha kwenye kompyuta kwa upande mmoja tu, yaani istilahi. Tunabishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi, kipanya au puku, kisha tunaondoka tukidhani kazi imekwisha. Makala hii inaangalia upande mwingine: programu yenye istilahi hizo inajengwa wapi, kwa ajili ya prosesa ipi, na inawezekanaje ijengwe kwenye mashine moja ikafanye kazi kwenye mashine ya aina nyingine kabisa. Kazi hiyo nitaiita ukompaili mtambuka. Hoja yangu ni kwamba ilizaliwa kutokana na uhaba wa mashine, na kwamba mpaka leo ndiyo inayoamua, mara nyingi bila msemaji wa Kiswahili kuulizwa, ni nani atakayesoma kwa lugha yake na ni nani atakayeambiwa faili halifunguki.

Mahali ninapopatumia kupimia hoja hii ni Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru. Lugha inayotawala huko ni Kibemba, na msomaji anaweza kuuliza Kiswahili kimeingiaje. Kimeingia zamani. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwishoni mwa mwaka 1867, alimkuta huko Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa miaka mingi bila kuruhusiwa kuondoka. Mwaka huohuo Tippu Tip alikuwa amemshinda Nsama wa Itabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Misafara ilikwisha, lugha ikabaki ng'ambo ya ziwa, upande wa Katanga, katika miji kama Pweto na Kilwa (Kilwa ya Kongo, si ile ya magofu). Boti zinavuka na watu wanauziana samaki, kwa hiyo maneno nayo yanavuka. Tena tangu mwaka 2017 mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongo kuingia Zambia, na mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa ndani ya wilaya ya Nchelenge. Kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili wapo, na si wachache.

Mashine walizonazo ni za aina mbili. Mashuleni na maofisini kuna kompyuta za mezani, nyingi zikiwa za mitumba au za msaada. Mifukoni kuna simu. Katika soko la Kashikishi, jirani na Nchelenge mjini, vipo vibanda vinavyochaji simu na kunakili nyimbo na filamu kwenye kadi za kumbukumbu. Likizo moja nilikaa katika kibanda cha mjomba wangu, akaja mama mmoja kutoka Mantapala, akaona kamusi iliyokuwa imefunguliwa kwenye kompyuta. Akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Papa, hii ya mu kompyuta, unaweza kunitilia mu telefone?" Mjomba akanakili faili lenye kiishio cha .exe, likaingia lote, simu ikalikataa. "Mama, limeingia lakini halifunguki," akasema, na yule mama akaondoka akiamini kadi yake ni mbovu.

Kadi ilikuwa nzima. Kila familia ya prosesa ina maelekezo yake inayoyaelewa, na maelekezo hayo huandikwa kwa namba. Kompyuta nyingi za mezani hutumia familia inayoitwa x86, iliyotokana na prosesa za Intel za miaka ya 1970. Simu karibu zote hutumia familia ya ARM. Namba ambayo kwa moja inamaanisha "jumlisha" kwa nyingine inaweza kuwa na maana tofauti au isiwe na maana yoyote. Mwandishi wa programu haandiki namba hizo. Anaandika msimbo chanzo katika lugha kama C, kisha programu iitwayo kompaila inaugeuza msimbo huo kuwa maelekezo ya prosesa fulani. (Mfumo wa uendeshaji nao ni ukuta wa pili, kwa sababu faili la Windows haliongei na Android hata prosesa zikifanana. Lakini ukuta wa prosesa uko chini zaidi, nao ndio mada yetu.) Kwa kawaida kompaila hutoa maelekezo ya mashine ileile inayoendeshea kazi. Inapotoa maelekezo ya mashine nyingine, hapo ndipo pana ukompaili mtambuka.

Kwa watu wa maziwa makuu wazo hili si geni. Meli ya Liemba, inayojulikana Kigoma hadi Mpulungu, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waliichora na kuikata chuma mahali pasipo na Ziwa Tanganyika, kwa sababu kando ya Ziwa Tanganyika hapakuwa na karakana ya kuijengea. Ilibidi wajue kina cha maji na uzito unaobebeka kwenye reli kabla ya kugonga msumari wa kwanza.

Kompyuta zilianza hivyohivyo. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson alipata mashine ndogo iliyokuwa haitumiwi sana, PDP-7, isiyokuwa na zana za kuandikia programu alizozitaka. Aliandika programu zake kwenye mashine kubwa ya GE, akazigeuza humo kuwa maelekezo ya PDP-7, zikatoka kama matundu kwenye utepe wa karatasi, naye akaubeba utepe kwa mkono hadi kwenye mashine ile ndogo. Baada ya kazi kadhaa za namna hiyo PDP-7 ilipata zana zake yenyewe, na mfumo uliozaliwa hapo ukaja kuitwa Unix. Naona inafaa kusisitiza hili kwa sababu vitabu vya historia ya kompyuta hupenda kuanza na Unix ikiwa tayari imesimama. Kabla ya kusimama ilibebwa.

Miaka sita baadaye jambo lilijirudia kwa namna ya kushangaza zaidi. Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilionyesha kwenye jalada lake kompyuta ya Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque, ikitumia prosesa ya Intel 8080. Bill Gates na Paul Allen hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni ruhusa ya kutumia PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, mashine kubwa yenye prosesa ya aina tofauti kabisa. Allen aliandika humo programu inayojifanya kuwa 8080, ikitekeleza maelekezo yake moja baada ya jingine, na juu yake wakajenga lugha ya BASIC kwa msaada wa Monte Davidoff. Allen alipopanda ndege kupeleka utepe Albuquerque, BASIC hiyo ilikuwa haijawahi kugusa Altair halisi hata mara moja. Ndani ya ndege akakumbuka kwamba hawajaandika kile kipande kidogo cha kuifanya mashine isome utepe, akakiandika palepale. Ilipowashwa, ikajibu kwamba 2 na 2 ni 4. Kampuni ya Microsoft ilianza kwa programu iliyojengewa mashine ambayo wajenzi wake walikuwa wameiona kwenye jarida tu.

Katika visa hivi viwili hakuna aliyechagua kujengea ng'ambo kwa kupenda. Mashine lengwa ama ilikuwa dhaifu mno isiweze kujijengea, ama haikuwapo mkononi.

Mageuzi yaliyofuata yalikuja kwa njia ya lugha. Mwaka 1973 Unix iliandikwa upya kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, ya Dennis Ritchie. Kufikia mwaka 1977 Ritchie na Steve Johnson walikuwa wakiihamishia kwenye Interdata 8/32, mashine isiyofanana na PDP-11 waliyoizoea. Johnson aliandika kompaila ambayo sehemu inayohusu prosesa imetengwa na sehemu inayohusu lugha, ili anayetaka prosesa mpya abadilishe sehemu moja tu. Mtu wa isimu ataona hapa kitu anachokijua: sarufi imetenganishwa na matamshi. Lakini uhamisho huo ulifichua kwamba msimbo unaodhaniwa kuwa wa mashine zote huwa na mazoea ya mashine ya nyumbani yaliyojificha ndani yake. Baadhi ya prosesa huhifadhi namba kubwa kwa kuanza na sehemu yake ndogo, nyingine huanza na sehemu kubwa. Watu wa kompyuta husimulia mpaka leo kwamba mfumo mmoja ulipohamishwa uliandika jina lake "NUXI" badala ya "UNIX", herufi zikiwa zimepishana mbilimbili.

Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa kompaila ya GCC kwa umma, pamoja na msimbo chanzo wake. Sitakaa sana hapa, ila athari yake ni kwamba mtu yeyote mwenye kompyuta moja aliweza sasa kupata, bila kununua, kompaila ya prosesa ambayo hana.

Mpaka hapa nimezungumzia programu ndogo. Programu za mezani ni mzigo mwingine, na kwa Kiswahili mfano ulio karibu ni Jambo OpenOffice. Hii ilitolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux, uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden, IT+46. Kwa mara ya kwanza Mswahili aliweza kuandika barua na kupiga hesabu kwenye programu kamili ya ofisi ambayo menyu zake zote zinasema Kiswahili, tena ya bure. Wengi wetu tumesoma kuhusu mradi huo katika somo la istilahi. Tusichosoma ni kwamba maneno yale, mara yalipotafsiriwa, hayakuwa na prosesa. "Hifadhi" ni "hifadhi" kwenye x86 na kwenye ARM. OpenOffice yenyewe ndiyo yenye prosesa, nayo ni jengo kubwa: dirisha linategemea maktaba moja ya msimbo, herufi zinategemea nyingine, uchapishaji nyingine, na kila moja inahitaji kuwapo katika toleo la mashine lengwa kabla ya kuanza.

Kuna tatizo la ndani zaidi. Programu kubwa, wakati wa kujengwa, hujenga kwanza programu ndogo za kuisaidia kujijenga, kama fundi anayechonga kwanza ngazi ya kupandia. Katika ukompaili mtambuka ngazi hiyo haipandiki: imekompailiwa kwa prosesa ya ng'ambo, na fundi yuko upande huu. Wajenzi wa LibreOffice, iliyozaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010, walikutana na jambo hili walipotaka kuifikisha kwenye simu za Android. Ilibidi mfumo wao wa ujenzi ujifunze kujenga mara mbili: vifaa vya kazi kwa mashine ya kujengea, na bidhaa kwa mashine lengwa. Vilevile zipo hati za maandalizi zinazoijaribu mashine kwa kuendesha programu fupi na kutazama jibu. Mashine lengwa isipokuwapo, jaribio haliwezi kufanyika, na mjenzi hulazimika kuandika majibu kwa mkono, akiomba yawe sahihi.

Kwa sababu hiyo wako wanaokataa kabisa kujengea ng'ambo. Mradi wa Debian, unaotoa mfumo wa uendeshaji huria, kwa desturi hujenga vifurushi vyake kwenye mashine za familia ileile vitakakoendeshwa, hata kama ni za polepole. Mgongano wa njia hizi mbili ulionekana vizuri mwaka 2012.

Prosesa ya ARM ilibuniwa Cambridge, Uingereza, na Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, na ya kwanza iliwashwa Aprili 1985. (Wilson alikuwa tayari ameiigiza kwenye kompyuta ya BBC Micro kabla haijatengenezwa, mtindo wa Allen tena.) Miaka 27 baadaye, Februari 2012, ilitoka Raspberry Pi, kompyuta kamili ya ukubwa wa kitambulisho, kwa dola 35. Hii ndiyo mashine ambayo shule ya kando ya ziwa ingeweza kuiota. Lakini Debian wakati huo ilikuwa na matoleo mawili ya ARM. Moja la zamani halikutumia kitengo cha prosesa hiyo cha kukokotoa desimali, kwa hiyo lilikwenda taratibu. Jingine jipya lilitaka prosesa za kizazi cha saba, na Pi ilikuwa ya kizazi cha sita. Mashine ya bei rahisi kuliko zote ilidondoka katikati.

Walioiokota walikuwa watu wawili wa kujitolea, Mike Thompson na Peter Green. Walichukua msimbo chanzo wa Debian na kuujenga upya, maelfu kwa maelfu ya vifurushi, kwa ajili ya kizazi kile cha sita, wakitumia bodi za ARM zenye nguvu kuliko Pi yenyewe. Matokeo yakaitwa Raspbian. Pi ya kwanza yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 isingeweza kamwe kujijengea programu ya ofisi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kisa muhimu kuliko vyote katika historia hii kwa watu wa sehemu kama Nchelenge, kuliko hata Altair, kwa kuwa kinaonyesha kiasi halisi cha nguvu kazi kinachohitajika kuwarudisha watu walioachwa nje: watu wawili, miezi michache, na msimbo chanzo ambao hakuna aliyeufungia kabatini. Sharti hili la mwisho ndilo linaloamua. Kamusi ya kwenye kompyuta ya mjomba haikuwa na msimbo chanzo wa wazi. Hata mtaalamu gani angekuja Kashikishi, asingeweza kuihamishia simu.

Linganisha na Kiwix. Programu hii ya kusomea Wikipedia bila intaneti ilianzishwa mwaka 2007 na Emmanuel Engelhart na Renaud Gaudin. Walitenga vitu viwili. Makala zote hufungwa katika faili moja la aina ya ZIM, ambalo halina prosesa. La Wikipedia ya Kiswahili unaweza kulinakili kutoka kompyuta kwenda simu, na litasomeka kote. Programu ya kusomea ni ndogo zaidi, na ndiyo inayojengwa kwa kila mashine. Wana zana yao maalumu ya kujengea, kiwix-build, ambayo kutoka kwenye mashine moja ya x86 hukompaili kwa ARM za vizazi mbalimbali, kwa Android na kwa Windows. Imekuwa ikitoa hata vifaa vya x86 ya zamani ya biti 32, ambayo wengi wameisahau. Katika kibanda cha soko, mpango huu unafaa kuliko wote niliousoma, maana mwenye kibanda anahitaji faili moja kubwa la maandishi na programu chache ndogo, kila moja kwa aina yake ya mashine.

Wenye fedha hawahisi sana mabadiliko haya. Kampuni ya Apple imehama prosesa mara tatu, mwaka 1994, mwaka 2006 na mwaka 2020, na kila mara iliwapa wateja njia ya kuendesha programu za zamani kwa muda huku wajenzi wakikompaili upya. Mteja alinunua mashine mpya, mambo yakaendelea. Anayetumia kompyuta ya msaada hukutana na mabadiliko kutoka upande wa pili: mashine yake haibadiliki, wajenzi ndio wanaoondoka. Ubuntu iliacha kutoa toleo la mezani la biti 32 mwezi Oktoba 2017. Debian ilivumilia zaidi, lakini toleo lake la 13, la Agosti 2025, haliwezi tena kusakinishwa kwenye mashine za x86 zisizojua biti 64. Hakuna sheria ya fizikia iliyosababisha hayo. Kompaila za leo bado zinaweza kutoa maelekezo ya biti 32. Waliopungua ni watu wa kujenga, kujaribu na kurekebisha, na wanaobaki wanajenga kwa ajili ya mashine walizonazo mezani kwao.

Hapa ndipo nadhani idara za lugha zimekosa kuangalia. Tafsiri ya Kiswahili cha Tanzania bado imo katika msimbo chanzo wa LibreOffice, na msimbo huo unakompailika kwa x86 ya biti 64, kwa x86 ya biti 32, na kwa ARM. Maneno yapo. Kinachokosekana ni mtu mwenye kujua Kiswahili anayejenga toleo la mashine iliyopo Pweto, Kashikishi au Mantapala, akaliweka kwenye mashine hiyo, akafungua menyu zote na kutazama kama herufi zinakaa ndani ya vitufe. Maneno yetu ni marefu kuliko ya Kiingereza, na kwenye kioo kidogo hukatwa. Mjenzi asiyesoma Kiswahili hawezi kujua kwamba kilichobaki hakina maana. Kazi hiyo haihitaji shahada ya kompyuta. Inahitaji kompyuta moja nzuri ya kujengea, usiku mrefu wa kusubiri kompaila, na mwanafunzi wa Kiswahili wa kukaa mbele ya kioo asubuhi.

Kwa zile za biti 32 muda unahesabika. Debian 12, toleo la mwisho linalosakinishika juu yake, imepangiwa matunzo ya muda mrefu hadi Juni 2028. Baada ya hapo msimbo chanzo utaendelea kuwapo, wazi kwa yeyote, na mashine zitaendelea kuwaka kwenye maabara za shule mpaka vifaa vyake vife. Atakayetaka programu mpya juu yake atalazimika kuzijengea mwenyewe, kutoka ng'ambo.